Kopo la sarafu 70: mwongozo kamili wa kufundisha uchumi kwa bidhaa za wanafunzi

Kengele ya kufunga soko ilipolia, kundi moja la darasa langu lilimwaga kopo lake mezani na kuanza kuhesabu. Sarafu 70. Wakashangilia, mmoja akapanda juu ya kiti. Nikawauliza wamepata faida kiasi gani, wakajibu kwa sauti moja: "Sabini, mwalimu!" Chini ya meza palikuwa na vikasha saba vilivyododa, na benki ya darasa ilikuwa inawadai. Ukweli ni kwamba walikuwa wamepata hasara ya sarafu 7, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe niliishia hapo. Meza zinapangwa, watoto wanapiga kelele za kuita wateja, mkuu wa shule anapita akitabasamu, picha zinapigwa, basi. Ile ilikuwa sherehe. Somo la uchumi liko kwenye maamuzi yanayofanywa kabla ya soko na kwenye daftari linalofunguliwa baada yake. Mwongozo huu umepangwa hivyo: unamfaa mwalimu wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, unachukua wiki 8 kwa vipindi viwili vya dakika 40 kila wiki, na una siku mbili za soko. Ukipunguziwa muda, punguza kitu kingine chochote, lakini soko la pili usiliguse.

Kabla hujawaambia wanafunzi lolote

Panga makundi ya watu wanne. Watatu wakibaki wawili kwa sababu ya ugonjwa, kazi inakwama; wakiwa sita, wawili watakaa kutazama.

Tumia sarafu za darasa badala ya pesa halisi. Vipande vya kadibodi vyenye mhuri vinatosha. Pesa halisi inaleta tofauti za nyumbani ndani ya darasa: mtoto mwenye shangazi mkarimu atauza kila kitu kwa shangazi, na utakuwa umefundisha umuhimu wa kuwa na shangazi. Ukiamua kutumia pesa halisi hata hivyo, pata idhini ya uongozi na wazazi kwanza, na weka kikomo cha matumizi ya kila mnunuzi.

Kisha fungua vitu vitatu. Cha kwanza ni stoo ya darasa, ambamo kila malighafi ina bei iliyobandikwa ukutani, hata kadibodi uliyookota bure. Hakuna kinachoingia kwenye bidhaa bila kupitia stoo. Gundi inayotoka nyumbani kimyakimya huharibu hesabu zote. Cha pili ni benki, inayokopesha mtaji kwa riba ya asilimia 10. Cha tatu ni ajira: tangaza kazi halali za darasani, kama kupanga vitabu au kusafisha stoo, kwa ujira wa sarafu 6 kwa saa. Huenda hakuna atakayeiomba. Iache ibaki ukutani, kazi yake utaiona kwenye hatua ya nne.

Sasa piga hesabu ambayo wanafunzi hawataiona. Wanunuzi wawe darasa jingine. Tuseme wako 36 na kila mmoja unampa sarafu 20: soko zima lina sarafu 720. Makundi yako 9, kila moja likitengeneza bidhaa 24, zitakuwa bidhaa 216. Gawanya 720 kwa 216 upate sarafu 3 na kitu. Kwa hiyo ikiwa bidhaa zote zitauzwa, bei ya wastani haiwezi kuvuka hapo. Kila kundi likipanga bei ya 4 au 5, lazima kuna bidhaa zitakazododa, na wewe unalijua hilo wiki sita kabla. Ukigawa sarafu 40 badala ya 20, utashuhudia bei zikipanda ilhali bidhaa ni zilezile. Mfumuko wa bei umejileta wenyewe darasani.

Hatua ya 1: Anzeni na kero

Ukiuliza "mnataka kutengeneza nini?" utapata vikuku vya shanga kutoka makundi saba kati ya tisa. Piga marufuku swali hilo wiki ya kwanza. Kila mwanafunzi atembee na daftari kwa siku tatu na kuandika vitu kumi vinavyowasumbua watu shuleni: kalamu zinazobiringika kutoka kwenye dawati, daftari zinazochanika kona, chupa zinazovuja ndani ya begi.

Halafu wawahoji watu watano kuhusu kero moja. Wafundishe kuuliza yaliyopita. "Je, ungenunua kikasha cha kalamu?" ni swali bovu, kwa sababu kila mtu atasema ndiyo ili asimvunje mtu moyo. "Mara ya mwisho kalamu yako ilipoanguka, ulifanya nini?" ndilo swali. Aliyejibu "niliiokota tu" hana shida ya kulipia. Aliyefunga kalamu kwenye dawati kwa uzi ni mteja.

Hatua ya 2: Chagueni moja, andikeni mlichoacha

Kila kundi lilete mawazo matatu, libaki na moja. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kundi waandike wazo la pili kwa ubora waliloliacha na walichotarajia kupata kwalo. Hiyo ndiyo gharama mbadala, na mtoto akiishaiandika kwa mkono wake huhitaji kuieleza kwa maneno mengi. Kipindi kimoja kinatosha. Vyakula viondoe kwenye orodha: usafi na mzio vitakuletea kesi, na bidhaa inayoliwa haiachi cha kuchunguza baadaye.

Hatua ya 3: Sampuli mbaya, haraka

Wape dakika 30 na karatasi chakavu. Sampuli ya kwanza inapaswa kuwa mbaya; ikipendeza, wenyewe wataionea huruma na watakataa kuibadilisha. Mtu wa nje aitumie huku waliotengeneza wakiwa wamefunga midomo. Hili la kunyamaza ni gumu kuliko unavyofikiri. Kundi langu la vikasha vya kalamu lilimkabidhi mwenzao kikasha cha kuning'inia pembeni mwa dawati, naye akakigeuza juu chini, akakiweka mezani na kuuliza kifuniko kiko wapi. Binti mmoja alifunika uso kwa viganja asiseme. Siku iliyofuata kikasha kilikuwa na ndoano inayoonekana, kimepungua upana, na hakuna aliyehitaji maelekezo.

Watengeneze sampuli ya pili kwa malighafi ya kweli, safari hii wakitumia saa. Wanahitaji dakika ngapi kwa kimoja? Namba hiyo itahitajika. Visu vya kukatia kadibodi vibaki mkononi mwako.

Hatua ya 4: Gharama, ikiwemo ile wanayoisahau

Hapa usikimbie. Toa vipindi vitatu.

Wagawe gharama kwenye safu mbili. Zinazobadilika hukua kwa kila bidhaa inayoongezeka. Zisizobadilika zipo hata usipouza kitu. Hesabu za kundi la vikasha zilikuwa hivi. Karatasi moja ya kadibodi ni sarafu 6 na inatoa vikasha 4, yaani 1.5 kwa kimoja. Gundi na karatasi ya rangi ni 0.5. Jumla ni sarafu 2 kwa kikasha. Kodi ya meza sokoni 10, kukodi zana 8, bango 2, jumla sarafu 20 zisizobadilika.

Sasa swali: lazima wauze vingapi ili warudishe gharama? Chukua gharama zisizobadilika, gawanya kwa kile kinachobaki kwenye bei baada ya kutoa gharama ya bidhaa yenyewe. Kwa bei ya 4 kinabaki 2, kwa hiyo 20 gawanya kwa 2 ni vikasha 10. Kwa bei ya 3 vinahitajika 20. Kwa bei ya 5 jibu ni 6.67, na hapo darasa litagombana kama ni 6 au 7. Waache wagombane. Hakuna anayenunua theluthi mbili ya kikasha, na vikasha 6 bado ni hasara.

Kisha uliza nani analipwa kwa kukata na kubandika. Kimya. Kikasha kimoja ni dakika 12. Vikasha 24 ni dakika 288, yaani saa 4 na dakika 48 za kazi ya mtu mmoja. Wakiuza vyote kwa sarafu 4, watabakiwa na 48, watoe 20, watoe riba ya 7 kwa mkopo wa sarafu 70: faida 21. Zigawe kwa saa zile, upate sarafu 4 na kidogo kwa saa. Sasa waelekeze macho ukutani, kwenye lile tangazo la kupanga vitabu kwa sarafu 6. Siku hiyo kijana mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, bora tukapange vitabu?" Sikumjibu. Kundi lilijadili, likaamua kuendelea kwa sababu kazi ile wanaipenda, na likaandika hivyo daftarini. Huo ni uamuzi wa kiuchumi ulio halali kabisa, mradi aliyeufanya ajue anaacha nini.

Hatua ya 5: Bei

Watu 20 wa darasa la wanunuzi waandike kwa siri, kila mmoja kwenye karatasi yake, bei ya juu kabisa ambayo wangelipa baada ya kukishika kikasha. Kundi lile lilipanga majibu yake hivi, na faida ni kabla ya riba:

Bei 3: wanunuzi 18, hasara 2.
Bei 4: wanunuzi 14, faida 8.
Bei 5: wanunuzi 9, faida 7.
Bei 6: wanunuzi 4, hasara 4.

Wanafunzi wengi huingia wakiamini kwamba anayeuza vingi ndiye anayepata zaidi. Mstari wa kwanza unawaamsha: bei inayopendwa na wengi ndiyo inayowatia hasara. Wengine watashangilia bei ya 4 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 7. Warudishe kwenye dakika. Vikasha 14 ni dakika 168 za kazi, vikasha 9 ni 108. Kwa saa moja, bei ya 5 inalipa vizuri zaidi. Kundi langu lililiona hili, likakubali kwa kichwa, kisha likachagua 4 na kutengeneza 24. Niliumia ndani kwa ndani nikanyamaza. Mwalimu anayeokoa kila kundi kabla halijaanguka amechukua somo lao.

Tahadhari mbili. Kuandika bei kwenye karatasi hakumgharimu mtu kitu, kwa hiyo watu huandika bei kubwa kuliko watakayotoa kweli. Dawa yake ni kuomba arbuni ya sarafu 1: anayelipa mapema ndiye anayehesabiwa. Ya pili ni mapenzi ya mtengenezaji. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo watu waliopewa vikombe walidai, ili waviuze, takriban mara mbili ya kile ambacho wasiokuwa navyo walikuwa tayari kulipa. Na hao walikuwa wamepewa tu, hawakuvitengeneza. Jaribu darasani: kila mwanafunzi aandike bei ya haki kabla ya kutengeneza, na tena baada ya kumaliza. Linganisheni.

Hatua ya 6: Uzalishaji

Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith alieleza karakana ndogo ya pini ambamo watu 10, kwa kugawana kazi, walitoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja asiyejua kazi hiyo angehangaika kutoa pini moja. Usiisimulie tu, ipime. Dakika 10 kila mmoja atengeneze peke yake mwanzo hadi mwisho. Dakika 10 nyingine wafanye kwa mstari, mmoja akate, wa pili akunje, wa tatu abandike, wa nne akague. Mara nyingi mstari hushindwa raundi ya kwanza, na sababu iko wazi kwa macho: kazi zimerundikana mbele ya mbandikaji huku mkataji akipiga soga. Waambie watafute rundo liko wapi, wahamishie mtu hapo, wapime tena.

Baada ya hapo muulize mkataji alijisikiaje. Smith mwenyewe aliandika kwamba mtu anayerudia kitendo kimoja maisha yake yote akili yake hudumaa. Watoto hulielewa hili haraka kuliko sehemu ya pini.

Hatua ya 7: Matangazo

Kipindi kimoja. Andika ubaoni "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" kisha waulize kama ni kweli, soko litawajibu. Sharti moja tu: dai lolote kwenye bango liwe limepimwa. "Kinabeba kalamu 12" inaruhusiwa. "Bora kuliko vyote" hapana.

Hatua ya 8: Soko la kwanza

Dakika 30, si zaidi. Kila kundi liwe na muuzaji, mtunza kopo, na mwandishi anayeandika kila mauzo, dakika na bei. Wa nne atembee kuangalia washindani. Wewe kaa pembeni na usimwambie mtu ashushe bei.

Dakika za mwisho ndizo zenye utamu. Bidhaa zimebaki, wanunuzi wamebakiwa na sarafu chache, na mtu atanong'ona, "tuuze kwa moja." Mwingine atakataa: kimetugharimu mbili! Usiingilie, ila ukumbuke nani alisema nini, maana mtalirudia. Kadibodi imeshakatwa na gharama yake hairudi kwa kukiacha kikasha chini ya meza. Sarafu yoyote itakayoingia ni nafuu. Lakini mnunuzi aliyeona bei ikishuka dakika ya 28 leo, soko lijalo atasubiri dakika ya 28. Wote wawili wana hoja.

Hatua ya 9: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kipindi cha kesho yake, kabla kumbukumbu hazijapoa, kila kundi lijaze mistari mitano: mkopo, matumizi, mauzo, deni na riba, kilichobaki. La vikasha lilikuwa hivi. Walikopa 70. Walitumia 48 kwa malighafi na 20 kwa gharama zisizobadilika, wakabaki na 2. Waliuza vikasha 17 kwa sarafu 4, wakapata 68. Kopo likawa na 70. Deni na riba ni 77.

Binti aliyekuwa mwandishi alihesabu mara tatu, kisha akasukuma kopo katikati ya meza kana kwamba limemkosea. Walikuja kuniomba ruhusa ya kwenda na vikasha vyao saba kwenye darasa la wanunuzi wakati wa mapumziko, wakaviuza kwa sarafu moja kimoja. Saba. Wakalipa benki yote na kubaki na sifuri. Sijawahi kuona watu wakiifurahia sifuri namna ile.

Alama usizitoe kwa faida; ukifanya hivyo watatafuta njia za mkato, na kundi lililobahatika litakuwa limefundishwa kwamba bahati ni akili. Mimi hutoa 40 kwa daftari lisilo na shimo, 40 kwa maelezo ya maamuzi matatu waliyofanya na sababu zake, 20 kwa mabadiliko kati ya sampuli ya kwanza na ya mwisho. Maelezo nayapokea kwa mdomo, dakika tano kwa kila kundi, nikimuuliza yule ambaye hajazungumza.

Hatua ya 10: Soko la pili

Mwaka 1948 mwanauchumi Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha matokeo ya masoko ya kuigiza aliyoyafanya na wanafunzi wake. Bei hazikutua pale nadharia iliposema. Vernon Smith, aliyepitia jaribio hilo akiwa mwanafunzi, baadaye akalibadilisha: bei zinadiwe hadharani, na soko lirudiwe raundi baada ya raundi kwa watu walewale. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1962 yalionyesha bei zikisogea haraka kuelekea pale zilipotabiriwa. Mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Darasani ni vivyo hivyo: mtu anayeuza mara moja amebahatisha, anayeuza mara ya pili ana cha kulinganisha.

Kwa hiyo baada ya wiki mbili rudieni, wanunuzi walewale, sarafu 20 mpya kila mmoja. Badilisha kitu kimoja tu. Mimi hupandisha bei ya kadibodi kutoka 6 hadi 9 bila kutoa sababu. Kodi ya mauzo nayo inafaa, lakini usilete vyote kwa pamoja, la sivyo hakuna atakayejua kilichomuumiza.

Kundi la vikasha lilipiga hesabu upya: gharama ya kimoja sasa ni 2.75. Bango la zamani lilikuwepo, kwa hiyo gharama zisizobadilika zilishuka hadi 18. Walikopa sarafu 51 kamili, wakatengeneza vikasha 12 tu, bei 5, na kwenye bango wakaandika: "Haitashushwa." Dakika ya 28 mnunuzi mmoja alisimama mbele ya meza yao akisubiri, akatazama kikasha cha mwisho, akatazama saa, akalipa tano.

Walimwaga kopo. Sarafu 60, kumi pungufu ya mara ya kwanza. Safari hii hakuna aliyepanda juu ya kiti. Mwandishi alifungua daftari, akatoa 51, akatoa riba ya 5.1 iliyokadiriwa kuwa 5, akaandika 4, akapiga mstari chini yake kwa rula.